Jedwali Lile Halina Kazi Sevilla

Kila aliyesoma Kiingereza shuleni ameliona jedwali hili. Upande wa kushoto kuna maneno kama yalivyotoka kinywani mwa msemaji, upande wa kulia maneno hayo hayo yakisimuliwa na mtu mwingine. "Am" inageuka "was". "Will" inageuka "would". "Have" inageuka "had", "today" inakuwa "that day", na "tomorrow" inakuwa "the next day". Mwalimu anachora, wanafunzi wananakili, kisha zinakuja sentensi za kugeuza: Peter ana njaa, Mary atakwenda London, John alinunua gari. Linafundishwa Nairobi, Tokyo, Moscow na Sevilla kwa mistari ile ile. Ugomvi wangu leo ni wa Sevilla, na wa Bogotá, na wa Lima, na wa kila darasa ambalo anayetazama ubao amelelewa kwa Kihispania.

Rai iliyoenea miongoni mwa walimu wa Kiingereza katika nchi hizo ni kwamba usemi wa taarifa ni mlima, na kwamba ubavu wake mkali zaidi ni kule kurudisha nyakati nyuma. Ndiyo maana somo lenyewe huwekwa mwishoni mwishoni mwa kitabu, likapewa sura ya peke yake, na sehemu kubwa ya sura hiyo ikaliwa na jedwali na mazoezi yake. Mimi nasema rai hiyo imekosea mahali pabaya kuliko pote. Kurudisha nyakati nyuma ndilo jambo ambalo mwanafunzi huyu ana haja nalo ndogo kabisa katika somo zima. Amekuja nalo kutoka kwao.

Tazama. Mtu anasema "Estoy cansado", nimechoka. Ukimsimulia, unasema "Dijo que estaba cansado". "Estoy" imerudi nyuma ikawa "estaba", sawasawa na "am" inavyokuwa "was". Akisema "Vendré", nitakuja, utasimulia "Dijo que vendría", na "vendría" hiyo ndiyo "would come". Akisema "He terminado", nimemaliza, utasimulia "Dijo que había terminado", ambayo ni "had finished" neno kwa neno. Hata "mañana", kesho, inageuka "al día siguiente" pale inapobidi. Msomaji wa Kiswahili anaweza asione uzito wa jambo hili upesi, kwa kuwa lugha yetu haina desturi hiyo. Sisi tunasema "alisema amechoka" na "alisema atakuja". Wakati wa kitenzi unabaki ule aliousema mwenyewe. Warusi nao husimulia hivyo hivyo. Kwa Mswahili au Mrusi jedwali lile lina habari mpya, na anayelitetea ana hoja. Kwa mwenye Kihispania ni kumchorea mvuvi bahari ubaoni ili ajue kuogelea.

Wala usidhani ujuzi huo umejificha, hauna jina. Andrés Bello, mzaliwa wa Caracas, aliishi London kuanzia 1810 hadi 1829, kisha akahamia Chile, ambako alikuwa mkuu wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Chile. Mwaka 1847 alitoa sarufi ya Kihispania aliyowaandikia watu wa Amerika, na humo akazibatiza nyakati za vitenzi upya. Wakati wa "estaba" aliuita "copretérito", yaani unaokwenda sambamba na jambo lililopita. Wakati wa "vendría" aliuita "pospretérito", unaokuja baada ya jambo lililopita. Majina yenyewe ni somo zima la usemi wa taarifa: simama pale mtu aliposema, uangalie kama jambo lilikuwa likiendelea wakati ule au lilikuwa bado halijafika. Shule za Meksiko zinayatumia mpaka leo, na mtoto wa Guadalajara huyakuta katika sarufi ya lugha yake. Miaka michache baadaye mtoto huyo anafunguliwa kitabu kilichotoka Uingereza, nchi ile ile Bello aliyokaa miaka 19, na kuambiwa kwa upole kwamba sasa atajifunza jambo gumu.

Undugu wenyewe unakwenda mbali kuliko hapo. "Vendré" ni kitenzi cha kuja kilichoungwa na "he", ambayo ni "haber" ya wakati uliopo. "Vendría" ni kitenzi hicho hicho kimeungwa na "había", "haber" ya wakati uliopita, na katika kuungwa kikafupishwa. Kiingereza kilipiga hesabu ile ile: "would" ni "will" iliyorudishwa nyuma. Lugha mbili zisizo za tawi moja zilitafuta namna ya kulitaja jambo ambalo jana lilikuwa bado mbele, na zote mbili zikachukua wakati ujao na kuuvisha alama ya wakati uliopita. Mwalimu anayelijua hili anaweza kulimaliza kabla wanafunzi hawajatoa kalamu mifukoni.

Chukua darasa la jioni Sevilla, watu wazima wanaojiandaa kwa cheti cha B2, wametoka kazini moja kwa moja. Ubaoni kuna jedwali. Mmoja wao anahangaika na Peter na njaa yake, anafuatisha mistari kwa kidole, anarudi juu, anaanza tena. Mapumziko yanafika. Kwenye mashine ya kahawa mtu huyo huyo anamweleza mwenzake habari za mwenye nyumba: "Me dijo que me iba a subir el alquiler." Aliniambia atanipandishia kodi. Sentensi hiyo imerudisha wakati nyuma na msemaji wala hakufikiri, na Kiingereza kinaipokea kipande kwa kipande: "He told me he was going to put up my rent." "Iba" ndiyo "was going". Kile alichokuwa akikitafuta kwa kidole ubaoni kilikuwa mdomoni mwake.

Watetezi wa jedwali wana jibu, na si la kupuuzwa. Wanauliza: kama ujuzi wanao, mbona huandika "He said that he is tired" na "She said that she will come"? Nawajibu hivi. Mara nyingi hayo si makosa. Ikiwa bado amechoka, Mwingereza anasema "He said he's tired" bila kuona haya, na Mhispania anasema "Dijo que está cansado" kwa sababu ile ile. Halafu, Hispania watu wengi husimulia habari za leo kwa "ha dicho", amesema, na baada ya "ha dicho" wakati uliopo unakaa vizuri tu: "Me ha dicho que viene." Kiingereza nacho kinakubali "He's told me he's coming". Mwanafunzi akiigeuza "ha dicho" kuwa "said" na kuacha mengine yalivyo, kosa limezaliwa kwenye kitenzi cha kwanza, na jedwali halina hata mstari mmoja kuhusu kitenzi cha kwanza. Lakini kubwa zaidi ni hili: "would" amefundishwa kama mali ya sentensi za masharti, kama ningekuwa na pesa ningenunua, na hakuna aliyemwambia kwamba ndiyo ile "vendría" yake ya kila siku. Maana anayo; hajaonyeshwa inapoingia. Na jedwali haliwezi kumwonyesha, kwa kuwa limeandikwa kwa Kiingereza pande zote mbili.

Pengo la kweli la nyakati lipo, ila ni moja na dogo. "Dijo que estaba enfermo" maana yake alikuwa anaumwa wakati anasema. "Dijo que estuvo enfermo" maana yake aliumwa kabla, akapona. Zote mbili humjaribu mwanafunzi aandike "he said he was ill", na ya pili Kiingereza kinataka "had been ill". Hapo pana somo. Jedwali, badala ya kutoa somo hilo, linaamuru kila wakati uliopita ugeuke "had", na matokeo yake ni sentensi za ajabu kama "She said she had been born in Lima", ambapo watu wanasema tu "was born".

Kwa nini basi limedumu? Kwa sababu linauzika. Kitabu cha kiada kinachoandikwa Oxford, Cambridge au London kinataka kuingia darasani Meksiko, Poland, Vietnam na Misri bila kubadilishwa ukurasa, na ukurasa wa namna hiyo haumjui mwanafunzi yeyote. Juu ya hilo kuna ile imani kwamba lugha ya nyumbani ni najisi darasani. Maximilian Berlitz alifungua shule yake huko Providence, Marekani, mwaka 1878, na njia yake ya kufundisha kwa lugha ngeni peke yake ikawa alama ya ufundishaji wa kisasa hata kwa watu wasiowahi kulisikia jina lake. Mwalimu wa Bogotá anayeandika "vendría" ubaoni anahisi kama anaiba.

Wenye kusoma zaidi wataniambia nimefufua maiti. Robert Lado, mtoto wa wahamiaji wa Kihispania aliyezaliwa Florida, aliandika mwaka 1957 kwamba mwalimu azilinganishe lugha mbili ili ajue mwanafunzi atajikwaa wapi. Baadaye watafiti wakaonyesha kwamba utabiri huo unakosea mara kwa mara: watu hawakwami palipotabiriwa, na wanakwama pasipotarajiwa. Sawa, nakubali. Lakini mimi sitabiri kosa lolote. Ninasema usifundishe kilichokwisha kujulikana, na hiyo ni hoja nyingine kabisa. Kitabu cha Michael Swan na Bernard Smith kuhusu makosa ya wanafunzi wa Kiingereza, kilichotoka 1987, kina sura ya wasemaji wa Kihispania na Kikatalani, na kina sura nyingine ya wasemaji wa Kiswahili. Zimetenganishwa kwa sababu shida zao si moja. Ni ajabu kwamba kitabu kama hicho kinakaa kwenye kabati la chumba cha walimu wakati darasani linafunguliwa jedwali la dunia nzima.

Sasa tuje panapouma.

Panapouma kwanza ni maswali. "Me preguntó dónde estaba la estación", aliniuliza kituo kiko wapi. Kihispania kinaweka kitenzi kabla ya mtendaji hata swali linapokuwa ndani ya sentensi nyingine, Kiingereza kinakirudisha mahali pake pa kawaida: "She asked me where the station was." Mwanafunzi aliyefaulu mazoezi yote ya jedwali ataandika "She asked me where was the station", na ataendelea kuandika hivyo akiwa na shahada ya uzamili. Hata mwenye B2 mfukoni utamsikia akiuliza "Do you know where is the bathroom?" Wapo wanaokwenda mbali zaidi, wakatia na "did": "She asked me what did I want." Na kuna mtego mwingine ambao sijaona kitabu cha dunia nzima kikiugusa. Kihispania cha mazungumzo hupenda kutia "que" kabla ya swali: "Me preguntó que dónde vivía", "Me preguntó que si quería café". Hiyo "que" ndiyo "kwamba", na Mswahili hasemi "aliniuliza kwamba wapi". Mwanafunzi anaihamisha nzima: "He asked me that where I lived." Wakati wa kitenzi hapo ni sahihi kabisa. Sentensi imevunjika kwingine, na wiki nzima ya jedwali haikuigusa sehemu iliyovunjika. Waayalandi, kwa njia, husema "She asked me did I want tea", na ni Kiingereza chao halali; lakini mtahiniwa wa Sevilla hapewi alama za Dublin.

Pili ni kitenzi chenyewe cha kusema. Kihispania kina "decir" tu, kinafanya kazi ya "say" na ya "tell", na ndiyo maana "He said me that" haiwatoki. Hapa Mswahili ana bahati: "-sema" na "-ambia" zinagawana kazi kama Waingereza wanavyoigawa, na "-ambia" haiendi bila mwenye kuambiwa. Sisi tukisikia "he said me" tunaweza hata kudhani mtu amesengenywa. Upande wa pili Kihispania kina vitenzi viwili vya kuuliza na kuomba, "preguntar" na "pedir", na Kiingereza kimevibana vyote ndani ya "ask". Mwanafunzi anahitaji kuona kwamba "me preguntó si" inakwenda na "asked me if", na "me pidió que" inakwenda na "asked me to". Hilo haliwezi kuandikwa katika safu ya nyakati.

Amri ndizo zinazoleta maafa yenyewe. Nyumba yoyote ya Hispania, chakula kikiwa tayari, mtoto mdogo anatumwa chumbani kwa kaka yake na ujumbe: "Que dice mamá que vengas." Mama anasema uje. Mswahili anaielewa papo hapo, maana nasi tunaweka "e" mwishoni na kazi imekwisha: uje, nije, aje. Ukiusimulia ujumbe huo kesho yake Kihispania kinasema "Me dijo que viniera", aliniambia nije. Kiingereza hakina mlango huo. Kinasema "She told me to come". Mwanafunzi aliyefundwa kwamba usemi wa taarifa ni "that" pamoja na wakati uliorudi nyuma anafuata kanuni kwa uaminifu wote, anaandika "She told me that I came", aliniambia kwamba nilikuja, na amri ya mama imekuwa habari ya safari. Kosa hilo ni zao la jedwali moja kwa moja. Ndugu zake ni "He suggested me to go" na "She explained me the problem", na yote yanatokana na jinsi kitenzi kinavyowashika watu na vitendo vinavyokifuata.

Na hapo ndipo ilipo kazi kubwa. Rudi kwa yule mwenye nyumba. Simu yake ilichukua muda, alilalamika bei zimepanda, akataka kodi zaidi, mpangaji akakataa, mwenye nyumba akatishia. Hakuna mtu duniani anayesimulia simu hiyo kwa kugeuza sentensi moja moja. Anasema "amenazó con echarme", alitishia kunitoa, na Kiingereza ni "he threatened to throw me out"; hiyo "con" inapotea. Anasema "me negué a pagar", nilikataa kulipa, na hapa mwanafunzi anatumbukia, kwa sababu "negar" ni kukana na "negarse a" ni kukataa, na anatoka na "I denied to pay" badala ya "I refused to pay". Kutishia, kukana, kukataa, kuahidi, kukiri, kulaumu: kila kitenzi kina ada yake, na kila ada inataka kuwekwa bega kwa bega na ya Kihispania. Somo hili ndilo refu, na ndilo linalopewa kisanduku kimoja cha rangi chini ya ukurasa.

Hata ukisahau Kihispania kabisa, jedwali halikielezi Kiingereza chenyewe vizuri. Dave Willis, aliyefanya kazi katika mradi wa kamusi wa COBUILD, alidai mwaka 1990 kwamba usemi wa taarifa wa sentensi za kawaida hauhitaji kanuni za nyakati za peke yake: msimulizi anachagua wakati kwa sababu zile zile anazouchagua katika sentensi nyingine yoyote. Michael McCarthy, katika kitabu chake cha 1998 kilichojengwa juu ya mazungumzo halisi yaliyorekodiwa, alionyesha jinsi Waingereza wanavyoleta habari kwa "was saying", Mary alikuwa anasema hivi na hivi, umbo ambalo vitabu vya kiada havikulitaja. Mwenye Kihispania analo tayari: "Me decía María que..." Na anapopiga stori kwa moto anasema "y va y me dice", anakwenda na kuniambia, wakati kijana wa London anasema "and he goes". Wote wawili wamemfanya msemaji aende kabla hajafungua mdomo, na hakuna mwalimu aliyewakutanisha.

Sisi wenyewe tusicheke sana. Shule za Kenya zimemfundisha mtoto kugeuza "Nitaenda sokoni kesho" kuwa "Asha alisema kwamba angeenda sokoni siku ambayo ingefuata", ilhali bibi yake Asha angesema tu "kasema ataenda sokoni". Jedwali la Kiingereza lilivuka mpaka likaingia katika lugha isiyo na haja nalo hata kidogo.

Kimebaki kisingizio cha mtihani. Walimu husema: tunajua, lakini watoto wetu watapimwa. Basi tuufungue. Sehemu ya nne ya karatasi ya kusoma na matumizi ya lugha katika B2 First ya Cambridge ina sentensi 6 za kuandika upya, kila moja kwa maneno 2 hadi 5, likiwemo neno moja ambalo huruhusiwi kulibadilisha. Neno hilo linaweza kuwa "accused", na mtahiniwa anatakiwa ajue kwamba linafuatwa na "of" na kitenzi chenye "-ing". Linaweza kuwa "denied", au "apologised", au "suggested", au "wondered", na la mwisho linataka swali lililonyooshwa. Mtahiniwa asiyejua ada ya kitenzi hafiki hata kwenye kuchagua wakati.

Kwa hiyo siku ya kwanza ya sura hiyo, mwalimu wa Sevilla na afute ubao. Awaombe wanafunzi wasimulie kwa Kihispania jambo ambalo mtu aliwaambia wiki hii, aziandike sentensi zao, na chini ya kila moja aweke Kiingereza chake: "estaba" juu, "was" chini, "iba a subir" juu, "was going to put up" chini, "vendría" juu, "would come" chini. Dakika kumi zinatosha. Dakika zote zilizobaki, na wiki nzima inayofuata, ziende kwa "where the station was".